Drili ya Volti Tisini na Nane

Jumatatu, 14 Julai 2025

Sakitu tena. Majani ya viazi meupe mpaka kule barabarani. Nimekaa sebuleni juu ya kreti la maparachichi, kikombe mkononi, nautazama ukuta. Ukuta mzuri. Mtupu. Nimeutazama mpaka chai ikapoa.

Jumuiya yetu ya Mtakatifu Ana inasherehekea somo wake Jumamosi ya wiki ijayo, na zamu ya kupokea wageni imeangukia nyumba hii. Padre atakuja. Mke wangu Oktavia anataka kitu kimoja tu: shelfu kwenye ukuta huu, ya kuwekea sahani sita za marehemu mama yake. Sahani za udongo, zina waridi jekundu katikati. Zilitoka Mawengi zimefungwa kwenye kitenge, na tangu tumzike mama mkwe zinalala chini ya kitanda chetu. Mama mkwe naye aliitwa Ana. Siku ya matanga nilisimama nikatangaza kwamba nitazijengea sahani hizo mahali pa heshima. Nilitangaza mbele ya ukoo mzima. Hakuna aliyeniomba.

Leo Oktavia amesema, bila kupaza sauti, kwamba shelfu isipokuwa ukutani kufikia Alhamisi ya wiki ijayo, atamwita Xaveri.

Xaveri! Jirani yetu, mwenyekiti wa jumuiya, mtu anayenyoosha kamba ya kuanikia nguo kwa pimamaji. Ana drili ya waya ya zamani, kubwa kama mguu wa mbuzi. Aje kutoboa ukuta wangu, halafu kila Jumamosi aingie, autazame, atikise kichwa kwa unyenyekevu? Afadhali nizile hizo sahani.

Nimeamua. Nitanunua drili yangu mwenyewe. Ya betri, isiyo na waya. Nimejiona nikitembea nayo kwenye ukungu, nyumba hadi nyumba, kina mama wakifungua madirisha na kuniita. Fundi Kornelio! Pita na huku!

Jumanne, 15 Julai

Nimezunguka maduka ya vifaa vya ujenzi hapa Njombe mjini. Katika duka moja muuzaji ni dada anayeitwa Lightness, ana kofia ya sufu na maswali mengi. Akaniuliza nataka kutoboa nini. Nikamwambia ukuta. Akauliza ukuta wa tofali gani: la saruji, la kuchoma au bichi? Nikamwambia ukuta wa nyumba yangu. Akarudia swali. Polisi wenyewe hawaulizi hivyo.

Akaniletea kadrili ka kijani, kameandikwa volti kumi na mbili. Akasema kwa kazi za nyumbani kanatosha, kana garantii ya mwaka, na kama ukuta ni mgumu basi nichukue ile nyingine inayogonga huku inazunguka. Volti kumi na mbili! Redio ya baba yangu ilikaribia hapo.

Nikakapima mkononi. Mimi ni dalali wa maparachichi, na mkono wa dalali haudanganywi. Parachichi zito lina mafuta. Jepesi ni maji na kokwa. Kale kadrili kalikuwa kepesi. Maji matupu. Nikamrudishia dada wa watu kwa huruma, nikamwambia nitafikiria.

Nimerudi kwa miguu kwa njia ya juu, kupitia kwenye mipaini. Ukungu ulikuwa umeketi kati ya miti. Nikasimama kidogo, nikanyoosha kidole kama drili, nikatoboa ukungu mahali kadhaa. Bibi mmoja mwenye mzigo wa kuni akanisalimu kamwene, nami nikaitikia kamwene, nikaweka kidole mfukoni.

Jumatano, 16 Julai

Nimemweleza Oktavia mpango wa Makambako. Kule ni njia panda, mizigo yote ya nchi inapita pale, reli ipo, vitu ni rahisi. Oktavia alikuwa anamenya viazi. Akasema mchagua jembe si mkulima. Nikamwambia drili si jembe. Akasema basi rahisi ni ghali. Nikamwambia hizo methali mbili zinapingana. Hazipingani, lakini nilitaka kuondoka na ushindi.

Akauliza kwa nini nisigongee misumari tu. Misumari! Kwa sahani za mama yake! Nimeumia moyoni kwa niaba ya marehemu.

Nimezungumza na rafiki yangu Ambrose, dereva wa lori la mbao. Kesho ana safari. Atanichukua mbele.

Alhamisi, 17 Julai

Makambako!

Tuliondoka na harufu ya mbao mbichi nyuma yetu. Ambrose haongei akiendesha, anapiga mluzi wa nyimbo za kwaya. Mikaratusi ikapita, mashamba ya chai yakapita, ukungu ukawa unafunguka pole pole kama mtu anayeamka bila kulazimishwa. Nikalala nikiwa macho. Nikaona shelfu. Nikaona sahani sita juu yake. Nikamwona mama mkwe akipita na kikapu chake, akitazama, akisema kwa Kipangwa cha kwao jambo ambalo sikulielewa, lakini uso wake ulikuwa radhi. Ambrose akafunga breki, nikagonga paji la uso kwenye kioo.

Upepo wa Makambako hauna adabu, unamvua mtu kofia kabla hajasalimia. Niliingia duka la nne au la tano na hapo nikajua nimefika. Muuzaji, mzee mnene mwenye koti la ngozi, hakuniuliza swali hata moja. Aliniita bosi. Akaweka mezani mkoba mgumu wa plastiki, akaufungua taratibu kama anafunua uso wa bibi harusi.

Drili ya manjano na nyeusi. Ubavuni stika ya fedha: 98V. Tisini na nane! Mara nane ya ile ya Lightness, na chenji inabaki. Ndani ya mkoba kulikuwa na biti za kila unene, skrubu, fisha zile za plastiki za kushindilia ukutani, na betri mbili. Nikabonyeza. Ikaimba. Halafu, mbele yake, chini ya mdomo, ikawaka taa. Ina taa! Hakuna aliyeniambia kwamba zina taa. Nilisimama pale nikimulika kiganja changu kwa muda, na muuzaji akaniacha. Mtu mwenye busara.

Nikapima betri ya kwanza mkononi. Nzito. Nikapima ya pili, ile ya akiba. Nzito zaidi! Mafuta matupu. Nikamuuliza habari ya garantii. Akasema ipo, inafika mpaka mlangoni. Nikaona ni mtu mcheshi. Bei yake ilikuwa chini ya ya Lightness. Nililipa haraka asije akabadili mawazo.

Njia nzima kurudi niliupakata mkoba. Ambrose akauliza ni mtoto?

Ijumaa, 18 Julai

Umeme ulirudi asubuhi, nikachaji. Nimetoboa yafuatayo, kwa majaribio: kigoda, mpini wa fagio, mlango wa choo, kreti, kreti jingine, ubao wa kukatia vitunguu. Kila kitu kilipita. Oktavia alitoka nje akaushika ufagio, akaupuliza kwenye tundu, ukatoa mlio. Hakucheka. Ila na mimi sikumwona vizuri, jua lilikuwa machoni.

Mchana betri ya kwanza ikazimika. Nikaweka ya pili. Kimya. Nikaichaji mpaka jioni. Kimya.

Nimefikiria sana jambo hili. Jibu ni baridi. Betri imetengenezwa mahali pa joto, ikasafiri mpaka Makambako, halafu ghafla Njombe, Julai. Hata walimu wanaohamishiwa huku kutoka Pwani hawasemi lolote wiki ya kwanza. Inahitaji kuzoeshwa.

Jumapili, 20 Julai

Betri ya pili imelala nasi kitandani siku mbili, katikati, imevikwa soksi. Oktavia amesema alipozaliwa mtoto wetu Janeth hakuna aliyemkumbatia yeye namna hiyo. Nikamweleza kwamba yeye alikuwa na mama yake. Akageukia ukutani.

Leo nimeenda nayo Misa, kwapani, ndani ya koti. Kanisa lilikuwa na baridi, pumzi za wanakwaya zikipanda pamoja na wimbo. Nikahisi kajoto kakianza. Nikafunga macho. Nikaota jina langu kwenye kibao cha bati: KORNELIO, MATUNDU YA AINA ZOTE.

Ilipofika kupeana amani sikuweza kuinua mkono wa kulia. Xaveri, ambaye kwa bahati mbaya hukaa mbele yetu, akageuka na mkono wake ulionyooka. Nikampa wa kushoto. Akautazama mkono, akanitazama mimi, akanong'ona kuuliza kama bega linauma. Nikasema kidogo. Akasema ataniombea. Tena nadhani ataniombea kweli, ndivyo alivyo. Inaudhi.

Jumanne, 22 Julai

Siku mbaya. Niandike haraka.

Betri ya pili bado kimya. Nikaona kwapa halitoshi, nikaiweka kando ya jiko la mkaa, mbali kiasi, kama unavyokausha viatu. Kisha nikakaa kwenye kreti kuitazama. Mkaa unapopumua una rangi nzuri sana. Sijui niliondoka duniani kwa muda gani. Nilirudishwa na harufu. Ubavu wa betri ulikuwa umelainika na kufunguka, na kutoka ndani, taratibu, ulikuwa unamwagika mchanga.

Mchanga! Mchanga safi wa mtoni, mkavu, umechekechwa. Ndiyo uzito wenyewe. Nimelala kitandani na mchanga. Nimeupeleka mchanga Misa.

Yule mzee wa koti la ngozi hana haya. Mimi nikiweka madogo chini ya kreti, angalau ni maparachichi.

Oktavia aliuona mchanga. Akachukua fagio lenye tundu akafagia. Halafu akaingia chumbani. Nikachungulia. Alikuwa ameketi sakafuni amefungua kile kitenge, anapangusa sahani moja kwa kona ya khanga, pole pole, waridi kwanza, halafu ukingo. Anapangusa sahani safi. Nikarudi kwenye kreti langu. Nilijisikia mtu mdogo sana, bora ningekuwa mimi niliyefagiliwa nje.

Lakini betri ya kwanza ipo. Volti ni zile zile.

Jumatano, 23 Julai

Mpango. Nimemshauri Oktavia aende Kifanya kwa dada yake kuchukua sufuria kubwa na maharage ya sherehe, alale huko, arudi kesho. Alinitazama kwa muda mrefu. Akaenda. Nilitaka arudi akute tayari. Nilitaka kuona uso wake.

Nikachora mistari ukutani kwa mkaa. Nikavaa kofia. Nikawasha ile taa ndogo, ingawa ilikuwa saa nne asubuhi. Nikabonyeza.

Ajabu! Biti iliingia ukutani kama kijiko kwenye ugali wa moto. Hakuna kelele, hakuna kugonga. Kwanza vumbi jeupe la lipu, kidogo, halafu udongo mwekundu, laini, ukishuka kama unga kinuni. Hizo ndizo volti tisini na nane! Nikamkumbuka Lightness na mashine yake ya kugonga. Nikacheka peke yangu. Sauti ya drili ilikuwa tamu, nikawa nasukuma huku nikifikiria mambo mengine, kibao, kofia mpya, Padre akiomba nimtengenezee sanduku la sadaka. Nikasukuma mpaka ngumi yangu ikagusa lipu.

Upande wa pili mtu akakohoa.

Nikatoa biti. Kwenye tundu kukawa na mwanga wa siku, halafu mwanga ukazibwa na jicho. Lilikuwa jicho la Xaveri. Alikuwa uani kwake ananyoosha ua wa matete, akaona chuma kinachungulia kutoka nyumbani kwangu. Akanisalimu kupitia tundu. Nikaitika kupitia tundu. Akauliza kama kuna tatizo. Nikasema hakuna, napitisha hewa.

Ndipo akaanza. Kwamba nyumba hii ni ya tofali bichi, ni yeye na marehemu baba yangu walioyapiga hapo bondeni, lipu ni ngozi tu. Kwamba fisha haiwezi kushika udongo. Kwamba nipitishe ubao ukutani mpaka nje na kuukaza kwa kabari pande zote mbili, na kama nikitaka atakuja na ubao, atasaidia dakika chache, hata Oktavia asijue.

Hata Oktavia asijue! Wivu huo. Mtu ameona tundu moja safi katika maisha yake, usingizi umemtoka. Nikamshukuru, nikaziba tundu kwa gazeti.

Alhamisi, 24 Julai

IPO UKUTANI.

Ubao wa paini, umepigwa randa, una harufu ya msitu. Matundu manne, fisha nne, skrubu nne. Fisha ziliingia kwa kidole gumba tu. Betri ilizimika kwenye skrubu ya mwisho, nikaimalizia kwa kisu cha mezani. Nikarudi nyuma mpaka ukuta wa pili. Shelfu imenyooka. Au mimi nimeinama kidogo. Lakini ipo.

Oktavia alifika alasiri na sufuria kichwani. Aliingia, akaiona, akasimama hapo hapo mlangoni bila kuitua sufuria. Uso ukamfunguka. Nilimuoa mwanamke huyu kwa ajili ya uso ule, nikawa nimesahau. Akaitua sufuria, akapitisha kiganja kwenye ubao mwanzo mpaka mwisho, akasema jina la mama yake. Jina tu.

Nilikuwa na furaha hata nikatangaza uzinduzi. Tutaifunika shelfu kwa kitambaa cheupe cha kufuma, na Jumamosi baada ya sala Padre atafunua. Oktavia akakubali mara moja. Akaniuliza kama nina maparachichi mabichi. Nikasema ninayo. Akayapanga juu ya shelfu, makubwa, magumu, moja moja, huku akisikiliza ukuta kama daktari. Akasema yakae mpaka Jumamosi, halafu yatazipisha sahani.

Maparachichi! Kwenye shelfu yangu! Kama mtu anayejaribu daraja kwa kupitisha punda. Nimenyamaza kwa heshima ya uzinduzi.

Ijumaa, 25 Julai

Shelfu bado ipo. Nimekaa chini yake siku nzima nikiona moto wa jiko unavyoipa rangi. Kina mama wa jumuiya wameosha sakafu kunizunguka. Cresensia, mke wa Xaveri, ameuliza ni fundi gani. Nikatazama dirishani nikasema ni mtu mmoja wa hapa hapa.

Jumamosi, 26 Julai. Somo wa Jumuiya

Naandika nina nundu kichwani.

Asubuhi niliinama chini ya kitanda kuchukua viatu. Kitenge hakikuwepo. Sahani hazikuwepo. Moyo ukaruka kwa furaha: amezipanga! Ameamka alfajiri, akatoa maparachichi, akaweka sahani nyuma ya kitambaa, hakutaka nijue kwamba ananiamini. Sikuchungulia. Uzinduzi ni uzinduzi.

Wakaja wote. Makoti, makofia, blanketi za mabegani, sebule ikajaa joto la watu na harufu ya moshi na sabuni. Padre akaketi kwenye kiti chenye mgongo. Xaveri akasimama karibu na ukuta, akiongoza. Tukaimba. Mwanga wa saa tano ukaingia dirishani ukakaa kwenye kile kitambaa cheupe, na nyuzi zake zikafanana na sakitu kwenye majani. Nikawa naelea. Ikaanza litania. Watakatifu wakawa wanapita mmoja mmoja, nasi tunawaitikia utuombee, utuombee, na mimi nikawaona kweli wakipita, kila mmoja akiitazama shelfu na kutikisa kichwa kwa kuridhika.

Kisha nikaona udongo mwekundu kwenye bega la Xaveri.

Kidogo tu. Kama pilipili ya unga. Ukaongezeka. Nikainua macho. Kati ya shelfu na ukuta palikuwa na ufa ambao hata kalamu ingepita.

Nikaenda. Sijui nilipitaje kati ya watu. Nikasimama chini ya shelfu, nikasukuma utosi wangu chini ya ubao, nikainyoosha shingo. Nzito! Sahani sita haziwezi kuwa nzito hivyo, nikafikiri, lakini labda ni uzito wa heshima. Nikafumba macho nikaitikia kwa sauti kubwa. Watu wakanitazama. Mama mmoja akafuta machozi, akidhani nimeguswa na Roho. Nilikuwa nimeguswa na paini.

Ningeweza. Nasema wazi, ningeweza kusimama vile mpaka baraka ya mwisho. Lakini litania ilipofika kwa Mtakatifu Ana, somo wetu, Padre akasema tupige magoti.

Sebule nzima ikashuka. Nikabaki nimesimama peke yangu, kama nguzo ya simu. Xaveri, magotini, akanitazama. Padre akanitazama. Oktavia akanitazama. Nikajaribu kumweleza kwa macho: mama yako yuko juu ya kichwa changu. Macho yake yakajibu: piga magoti, Kornelio.

Nikapiga magoti.

Nilifumba macho nikasubiri mlio wa udongo kuvunjika. Katika muda ule mfupi niliiona siku ya matanga, nikajisikia nikitangaza, nikatamani mtu angenivuta koti nikae chini. Ubao ukanipiga hapa. Kisha kitu kigumu, hapa. Kisha ngurumo ya vitu vinavyobiringika. Nikafumbua. Maparachichi! Sakafu nzima, yakizunguka kati ya magoti ya waumini, moja likaenda pole pole, pole pole, likasimama kwenye kiatu cha Padre.

Akaliokota. Akasema Mtakatifu Ana amepokea malimbuko. Ndipo nyumba ikaangua kicheko, na kicheko kikaishia kwenye amina.

Oktavia alikuwa ameshaingia jikoni. Akatoka na sahani sita za waridi, zinafuka mvuke, maharage na viazi na nyama, akampa Padre ya kwanza, akawapa na wazee. Akasema kule Mawengi mama yake hakuwahi kuzitundika. Alikuwa akiwapakulia wageni humo. Akasema alikuwa amesahau, amekumbuka juzi alipokuwa anazipangusa. Halafu akasema kwamba leo ndiyo mara ya kwanza anamsikia mama yake humu ndani.

Nilitoka uani. Nililia kidogo. Xaveri akaja akasimama karibu nami akiwa na udongo begani, hakusema lolote kuhusu kabari. Nikamwambia ni moshi. Akasema ndiyo, moshi umezidi.

Jumapili, 27 Julai

Baada ya Misa Oktavia alichukua makreti yangu mawili ya maparachichi, yale ninayokalia. Akayabebanisha kwenye ukuta wa pili, akayafunika kwa kile kitambaa cheupe, akapanga sahani sita zimesimama. Alimaliza maji ya chai hayajachemka. Pazuri. Nasema kweli, pazuri kuliko ndoto yangu.

Ule mkoba mgumu wa drili ameufanya wa kuhifadhia vijiko. Vinakaa vizuri kwenye vishimo vya biti.

Gazeti limetoka kwenye tundu langu la ukutani. Jua la asubuhi linapita humo na kuchora duara dogo upande wa pili, duara linalotembea. Nimekaa sakafuni kulifuata mpaka likafika kwenye sahani ya kwanza na waridi likawaka. Oktavia alikuja akaketi kando yangu. Akaniomba jambo moja: hapo pasiguswe. Nimemuahidi, na nimemaanisha.

Jumatatu, 28 Julai

Sakitu. Chai. Sina pa kukalia, nimesimama.

Nimeyatazama yale makreti kwa makini. Lile la juu limekaa tu juu ya la chini. Hakuna skrubu hata moja! Sahani za mama mkwe, juu ya kitu ambacho hakijafungwa! Usingizi utanijiaje?

Tatizo, nimeligundua sasa, halikuwa ukuta. Zilikuwa volti chache. Ambrose anasema katika duka la jirani na yule mzee mwenye koti la ngozi kuna moja ya mia moja ishirini na nane, ina taa mbili. Anaondoka kesho. Nitakaa mbele. Safari hii nitatikisa betri kwanza nisikilize kama zina mchanga.

Ahadi yangu kwa Oktavia iko pale pale. Sitagusa kitu. Nitatoboa kidogo tu.